Vikapu Vilikuwa Vingapi?

Mwaka jana, katika mtihani wa maarifa ya dini wa darasa letu, tuliuliza swali hili: Eleza habari ya Msamaria Mwema, kisha useme ni nani aliyekuwa jirani wa yule mtu aliyepigwa. Swali lilikuwa na alama kumi. Hapana mwalimu wa dini asiyepata kuliuliza, na watoto walitazamia kuliona, kwa kuwa tulikuwa tumewafundisha habari hiyo majuma mawili mazima. Wengi waliandika vizuri. Walitaja Yerusalemu na Yeriko, wakataja kuhani na Mlawi, mafuta na divai, nyumba ya wageni na zile dinari mbili. Nasi tukaweka alama kwa wino mwekundu, tukienda upesi kama mtu apukuchuaye mahindi.

Ndipo tukafika kwenye karatasi ya mtoto mmoja, ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa ameandika mistari mitatu tu. Alisema ya kwamba jirani ni Msamaria, lakini yeye mwenyewe angalipita kando, maana njia ile ilikuwa na wanyang'anyi naye ni mdogo. Tena hajui kama wale wawili waliopita walikuwa watu wabaya au waliogopa tu. Akaishia hapo. Hakutaja mafuta, hakutaja divai, hata mnyama aliyempanda yule mgonjwa hakumtaja.

Kanuni ya kusahihisha tulikuwa tumeitunga wenyewe: alama moja kwa kila jambo lililokumbukwa. Tukamtafutia, tukaona amestahili mbili, tukaziandika. Na kwa kuwa wazee wa kanisa letu huzitazama alama za shule kabla ya kumkubali mtoto katika darasa la Kipaimara, na mtihani wake wote haukufika nusu, aliambiwa angoje mwaka mmoja. Wazee hawakukosea, waliifuata hesabu tuliyowapa sisi.

Tangu siku ile twajiuliza, Je, tulipima nini?

Wako watu wasemao kwamba heri mtihani wa dini uondolewe kabisa, maana imani haina alama. Hatukubaliani nao, na twataka kutoa sababu zetu mapema, ili mtu asije akadhani ya kuwa twatafuta kupumzika kazi ya kusahihisha. Martin Luther alipoyazuru makanisa ya Saksoni mwaka 1528, aliwakuta Wakristo vijijini waliokwisha kubatizwa, wanaoijia meza ya Bwana, na huku hawajui Sala ya Bwana wala Amri Kumi; hata wachungaji wengine hawakuweza kufundisha. Jambo hilo lilimhuzunisha sana, na mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimo Ndogo, ambayo watoto wa Kilutheri katika nchi yetu wangali wakiishika kwa moyo hata leo. Aliye mwanafunzi wa kitabu kile hawezi kulisahau lile swali lifuatalo kila amri, la kuuliza maana yake. Basi Luther naye alikuwa mtu wa mitihani. Alijua kwamba lisilopata kuulizwa husahauliwa.

Tena hadithi isiyoingia masikioni haina njia ya kufika moyoni. Mfalme Daudi alipokwisha kumwua Uria na kumtwaa mkewe, nabii Nathani hakumjia na lawama, alimjia na hadithi, ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu wa kike. Daudi akahukumu kesi ile sawasawa, na hasira juu, kabla ya kutambua ya kuwa ni yeye mwenyewe anayesemwa. Kama asingalisikiliza hadithi mpaka mwisho, asingalinaswa. Na yule mtoto wetu, kama asingaliijua habari ya Msamaria, asingaliweza hata kusema, Mimi ningalipita kando. Kwa hiyo twasema watoto waulizwe.

Wala kuwauliza watoto si jambo lililokuja na meli. Bibi zetu walitutegea vitendawili jioni, moto ukiwaka. Kitendawili! Nasi tukaitikia, Tega! Aliyeshindwa kukitegua aliambiwa atoe mji, naye alitoa Tanga au Mombasa au Unguja. Bibi akaenda katika mji ule kwa maneno yake, akala, akanywa, akatembea sokoni, akarudi, ndipo alipotufungulia jibu. Angalieni jambo hilo. Aliyeshindwa alitoa mji mzima, lakini alikwenda kulala na jibu. Karatasi zetu za mtihani je? Hufungwa kwa kamba, huwekwa kabatini, na mchwa huzisahihisha mara ya pili. Mtoto aliyeshindwa huenda nyumbani na sifuri yake, naye hajui ni nini alichokosa. Katika neno hilo, bibi zetu walikuwa walimu kuliko sisi.

Walakini jambo linalotutia wasiwasi si hao wanaoshindwa. Ni hao wanaoshinda.

Mamajusi walipofika Yerusalemu wakimwuliza mfalme aliyezaliwa, Herode aliwakusanya makuhani wakuu na waandishi, akawauliza Kristo azaliwa wapi. Walijibu mara moja kwamba ni Bethlehemu ya Uyahudi, wakalitaja na neno la nabii linaloshuhudia. Kumi kwa kumi. Na kutoka Yerusalemu mpaka Bethlehemu si mbali. Ni kilometa kama 9, mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye mgonjwa. Wako watoto vijijini mwetu waendao mwendo kama huo kwa ajili ya shule tu. Lakini Mathayo hatuambii ya kuwa hata mmoja wa wenye elimu wale aliinuka kitini pake akaenda kutazama. Waliokwenda ni wale wageni wasiolijua jibu, ambao iliwapasa kuuliza. Na Herode, aliyelisikia jibu lilelile kwa masikio yake, alilitumia kuwaua watoto. Jibu lilikuwa moja, nalo lilikuwa la kweli. Hatuna haja ya kumtaja na yule mjaribu wa nyikani, aliyeijua Zaburi kwa moyo.

Habari inayotugusa sisi walimu zaidi ya hizo ni ile ya chomboni, iliyo katika Marko, sura ya 8. Wanafunzi walikuwa wamesahau kuchukua mikate. Chomboni walikuwa na mkate mmoja tu. Bwana Yesu akawaonya juu ya chachu ya Mafarisayo na ya Herode, nao wakadhani anasema hivyo kwa sababu hawana mikate, wakaanza kusemezana wao kwa wao. Ndipo akawafanyia mtihani. Hatujui jina lingine la kuliita jambo hilo. Aliwauliza kwamba siku ile alipoimega mikate mitano kwa watu 5,000 waliokota vikapu vingapi vilivyojaa vipande. Wakasema kumi na viwili. Akawauliza tena habari ya mikate saba na watu 4,000. Wakasema saba. Majibu yote mawili ni sahihi, kila mwalimu angaliyatia alama. Lakini yeye hakuwasifu. Aliwauliza swali la tatu, kama wangali hawajafahamu.

Sisi tungalikoma penye saba. Tungaliandika, Vizuri sana, tukachukua karatasi nyingine.

Wala Bwana hakuzidharau hesabu zile. Aliziuliza kwa makusudi, moja baada ya moja, kwa kuwa mtu akumbukaye vikapu kumi na viwili vilivyobaki hana sababu ya kuhangaika na mkate mmoja. Kumbukumbu ilikuwamo ndani yao wote. Walichokosa ni kuitumia siku ile ile, ndani ya chombo kile kile, juu ya njaa yao wenyewe. Na jambo lingine tusilipite: swali la tatu liliwashinda wote, wala hapana aliyeshushwa chomboni.

Twasema hivyo kwa sababu mtihani waweza kuwa mlango, na mlango una mtu anayeushika. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chatupa habari ya mtihani mwingine. Baada ya vita, watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila Mwefraimu aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno Shibolethi. Ulimi wa Waefraimu haukuweza kulitamka. Walisema Sibolethi, wakakamatwa, wakachinjwa pale pale kivukoni. Wakaanguka wakati ule Waefraimu 42,000. Swali lilikuwa moja, lilisahihishwa kwa haki kabisa, wala halikupima kitu ila ulimi.

Tulipata kumwona bibi mmoja mzee akisimama mbele ya wazee wa kanisa kabla ya ubatizo wake. Maswali yalikuwa kwa Kiswahili, lugha aliyojifunza sokoni akiuza ndizi. Akaulizwa habari za Roho Mtakatifu. Akanyamaza. Akaulizwa tena, akatazama chini. Mzee mmoja, Mungu ambariki, akamwuliza neno lile lile kwa lugha ya kwao, ndipo bibi alipofungua kinywa, akasema, akasema, hata mchungaji ikambidi amwombe apumzike. Laiti mzee yule asingalikuwapo, bibi angalirudi nyumbani, nasi tungaliandika katika daftari ya kwamba hajui.

Hata hivyo tusijidanganye ya kuwa kosa liko katika maswali tu. Liko katika saa pia. Huko Princeton, Marekani, wataalamu wawili, John Darley na Daniel Batson, waliwapima vijana 40 waliokuwa wakisoma chuo cha kuwaandaa wachungaji, wakaitangaza habari yao mwaka 1973. Kila kijana alitumwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Wengine wahutubu juu ya Msamaria Mwema, wengine juu ya kazi zinazowafaa wanachuo. Baadhi yao waliambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, waende mbio. Wengine wana dakika za kutosha. Njiani, mlangoni mwa nyumba, waliwekewa mtu ameinama, akikohoa na kuugua. Katika wale wasio na haraka, 63 kwa mia walimsaidia. Katika wale wenye haraka nyingi, 10 kwa mia tu. Na kule kuwa na habari ya Msamaria kichwani, tayari kwa hotuba, hakukuonekana kuleta tofauti kubwa. Wako waliomruka yule mtu kwa miguu, wakaenda kuhubiri habari ya Msamaria.

Tulipoisoma habari hiyo tulikumbuka siku ya mtihani wetu. Tulifunga mlango saa mbili kamili za asubuhi. Tulikuwa tumewaambia watoto, tukasisitiza, kwamba atakayechelewa hataingia. Basi kama asubuhi ile palikuwapo mtu ameanguka njiani, ni nani angaliwahi kuketi darasani na kuandika vizuri juu ya Msamaria? Yule aliyempita. Na aliyesimama kumsaidia angaliukuta mlango umefungwa, nasi ndani tukigawa karatasi. Sisi tuliotunga swali ndio tuliotunga na haraka.

Tena haraka hiyo ilitushika sisi wenyewe. Ile mistari mitatu tuliisoma, tukaona ya kuwa mtoto huyu ametuambia neno la kweli, tena la kutisha kwa mtoto wa umri wake, kwamba anajua lililo jema naye anaogopa. Alistahili kuitwa. Alistahili mwalimu aketi naye chini ya mti amwambie kwamba hofu yake si ya kipumbavu. Kwamba njia ile, yapata kilometa 27, hushuka kutoka milima ya Yerusalemu mpaka Yeriko ulio chini ya usawa wa bahari, kati ya majabali na jangwa. Kwamba Msamaria naye huenda aliogopa, maana wanyang'anyi hawakuulizi kabila lako. Lakini karatasi hamsini zilikuwa zikingoja. Tuliandika mbili, tukapita kando.

Mwalimu mwenzetu mmoja, tulipomweleza haya, alitushauri tuulize mambo ya moyo. Tuache vikapu na dinari, tuulize, Wewe ungalifanya nini? Tulijaribu katika zoezi la darasani. Watoto wote waliandika kwamba wangalimsaidia yule mtu. Mmoja angalimpa shuka lake, wa pili angalimbeba mgongoni mpaka hospitali, wa tatu angaliuza mbuzi wa baba yake. (Baba yake ni jirani yetu, hatukumpelekea habari.) Tuliposoma tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza. Watoto ni wepesi kuliona jibu lipendwalo na mwalimu. Tukiutia moyo katika mtihani na kuupa alama, tutawafundisha kuuigiza, nao wataigiza vizuri kuliko sisi. Hata kuungama, tukisema kwamba ndilo jibu zuri, mwaka ujao wote wataandika ya kuwa wangalipita kando, wakisubiri alama zao.

Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, sisi twaona ni afadhali kuuliza vikapu. Swali la vikapu ni swali jeupe. Mtoto akijibu kumi na viwili, twajua tumepima kumbukumbu yake, wala hatutamwambia mtu yeyote, hata wazee wa kanisa, ya kuwa tumepima zaidi ya hapo. Hatari haiko katika swali dogo. Iko katika kulichukua jibu dogo na kulifanya ushuhuda mkubwa.

Lile swali la tatu lina mahali pake, lakini mahali pake si karatasi. Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa pwani ya kaskazini ya bara letu la Afrika, katika nchi ya Algeria ya sasa, aliandika karibu na mwaka 400 kitabu kidogo cha kumsaidia shemasi mmoja wa Karthago aliyekuwa akiwafundisha watu wanaoanza kuingia katika imani. Jina la shemasi huyo lilikuwa Deogratias, nalo wako vijana kwetu wanaoitwa hivyo hata leo. Alilalamika kwamba mafundisho yake yamchosha hata yeye mwenyewe, jambo ambalo walimu wengi wangaliliandika kama wangalikuwa na ujasiri. Augustino alimshauri amwulize kila ajaye kwa nini amekuja. Huenda mtu akasema uongo. Amekuja kwa kutafuta faida, naye asema amekuja kwa kumtafuta Mungu. Basi mwalimu asimfukuze wala asimwaibishe. Aanze na neno lile lile la uongo, alisifu kusudi lile jema alilolitaja, hata yule mtu apende kuwa kweli vile anavyotaka kuonekana. Na msikilizaji akichoka, apewe kiti.

Ushauri huo umetufariji juu ya yule mwenye mbuzi wa baba yake. Uongo wake nao ni mahali pa kuanzia. Lakini kazi kama hiyo haifanyiki kwa wino mwekundu, yataka mtu akae. Twaikumbuka ile sheria ya Pasaka katika Kutoka, sura ya 12, ambapo ni mtoto anayemwuliza mzazi maana ya ibada, na mzazi ndiye apaswaye kujibu. Na Luka anapotuonyesha Bwana Yesu hekaluni, mtoto wa miaka kumi na miwili katikati ya waalimu, atuambia alikuwa akiwasikiliza na kuwauliza. Katika shule zetu ni siku ngapi mtoto wa miaka kumi na miwili amemwuliza mwalimu neno la dini, mwalimu akashukuru?

Mwaka huu tulikwenda kwa wazee, tukawaambia kwamba alama zetu hupima kumbukumbu tu, na tukaomba zisiwe mlango wa Kipaimara. Walitusikiliza kwa upole. Kisha mzee mmoja, mtu asiyesoma sana, akasema, Mwalimu, ukituondolea hesabu hiyo, tutachagua kwa nini? Tutachagua kwa sura na kwa ukoo. Mtoto wa mwenye ng'ombe ataonekana ana imani kuliko mtoto wa mjane.

Neno hilo lilitunyamazisha, maana ni kweli. Karatasi haimjui mtoto wa nani. Basi hesabu ikabaki, isipokuwa tulikubaliana kwamba mtoto asiyefika nusu aitwe kwanza, aulizwe kwa kinywa, kwa lugha aipendayo, kabla ya kuambiwa angoje. Tena karatasi sasa twazirudisha, twasoma majibu pamoja nao. Hapana anayekwenda kulala bila jibu. Ni mambo madogo.

Yule mtoto aliketi tena kwenye dawati lake mwezi uliopita. Swali la Msamaria lilikuwamo, kama linavyokuwamo kila mwaka. Safari hii aliandika ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri. Alitaja Yerusalemu na Yeriko, akataja kuhani na Mlawi, mafuta na divai, nyumba ya wageni na dinari mbili, wala hakumsahau yule mnyama. Tulimpa alama kumi, naye amekubaliwa katika darasa la Kipaimara. Karatasi yake tuliisoma mara mbili, tukilitafuta lile neno la kwamba yeye angalipita kando. Halimo.